Mahali Palipoachwa Peupe

Kwenye ramani mama ya bara zima, iliyolala juu ya meza ya kioo katikati ya chumba chetu cha kazi, palikuwa na mahali peupe padogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukisimama mlangoni hupaoni. Ukisogea, macho yatakupitisha kwanza jangwani, nilikopaka rangi ya mkate uliokauka, kisha kwenye nyanda za juu za hudhurungi, kisha kwenye misitu. Halafu, pale msitu unapoanza kuchoka na kuziachia nyasi nafasi, utapaona. Wageni wa ofisi waliniuliza swali lile lile: "Hapa rangi iliwaishia?" Nami niliwajibu ndiyo, iliisha, nikainamia kazi yangu. Si kila mtu ni wa kuambiwa.

Hapo ndipo alipokuwa kaka yangu mara ya mwisho. Wengine ofisini walisema "alipokuwa". Mimi nilisema "alipo", na ole wake aliyenisahihisha.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza atlasi ya shule. Tulikuwa na karatasi mbili za bara moja. Ya kwanza ilionyesha kanda za asili: wapi ni msitu, wapi ni mbuga, wapi mvua hainyeshi hata ukiisihi. Ya pili, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ilionyesha kanda za utamaduni: nani analima, nani anafuga, nyumba zina umbo gani, watu wanaongea lugha gani. Ukiilaza ya pili juu ya ya kwanza na kuwasha taa iliyo chini ya kioo, unaziona zinavyokubaliana na zinavyogombana. Mimi nilikuwa mpaka rangi wa zote mbili. Kwenye meza ya jirani alikaa Mzee wa Herufi, aliyeandika majina ya mito na milima kwa mkono usiotetemeka, na kusema maneno ya mzaha kwa mdomo usiochoka.

Kaka alikuwa mtafiti. Kazini walimwita Nyayo, na jina hilo alilipata kihalali, maana gari alilipenda kwa sababu moja tu, kwamba unaweza kushuka. Alirudi kutoka safarini amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na tulijua amefika kabla hatujamwona, kwa sababu buti yake ya kushoto ilikuwa inalia. Hatua moja kimya, ya pili *kwi*. Kimya, *kwi*. Nyumbani Mama alikuwa akiusikia mlio ule toka kona ya barabara, anaweka maji ya kuoga jikoni bila kuuliza ni nani.

Alipofika ofisini alikaa juu ya meza yangu bila kukaribishwa.

"Kuna mahali," alisema safari moja, "nyumba wanajenga nusu ya miti, kama watu wa msituni, na nusu ya udongo, kama wafugaji. Mtoto anahesabu kwa lugha ya mama yake, akikasirika anatukana kwa lugha ya baba yake. Haya, bingwa wa rangi, hao utawapaka nini?"

"Nitawapaka utakachoniambia," nikamjibu. "Toa makalio yako kwenye nyanda za juu."

Mzee wa Herufi alicheka hadi akaweka kalamu chini. Lakini Kaka hakuwa anatania. Hilo lilikuwa gomvi letu la kudumu. Mimi nilipenda kingo safi. Msitu uishe hapa, mbuga ianze hapa, kila mtu ajue kwake. Yeye alisema ninapaka kama mtu anayekata keki ya harusi. Alitaka pale mpakani niziache rangi mbili zikutane zikiwa bado mbichi, ziamue zenyewe. Nilikataa katakata. Rangi mbichi zikikutana ni uchafu. Nimesomea kazi hii ili uchafu huo usitokee.

"Basi nitakwenda nikae pale pale," alisema, "mpaka nielewe msitu unaishia wapi na watu wanabadilikia wapi. Kipande hicho ni changu. Usikiguse."

Akaenda. Gari lake lilikutwa chini ya mti, karibu na mto, milango haijafungwa, ufunguo umo. Juu ya paa la gari kulikuwa na buti zake, zimelazwa nyayo juu zikauke, na soksi zimechomekwa ndani. Hapakuwa na kingine. Walitafuta mtoni, walitafuta porini, waliuliza vijiji vya pande zote mbili. Alivua viatu akaenda zake. Wapi, hakuna aliyejua. Tulichorudishiwa ni buti. Mama aliziweka barazani kando ya mlango, vidole vikiangalia ndani ya nyumba, na mimi nikawa nazifuta vumbi kila nilipopata nafasi.

Sasa, ofisini kwetu kulikuwa na mwiko mmoja. Kila mtafiti alikuwa na kipande chake cha bara, na kipande hicho hakipakwi mpaka mwenyewe arudi akisemee. Ikiwa hatarudi, basi mkubwa wa kwao aje, asimame mbele ya ramani, aseme kwa mdomo wake: pakeni. Hakuna saini, hakuna muhuri. Mzee wa Herufi alidai mwiko huo ulianza zamani, pale mpaka rangi mmoja alipojifanya mjuaji akapaka kipande cha mtu waliyedhani amekufa. Kumbe mtu yuko hai. Aliingia mlangoni siku ya malipo, akatazama ramani, akakuta ziwa lake limepakwa rangi ya jangwa. "Ngumi zilizopigwa siku hiyo," Mzee alisema, "mpaka leo mguu wa hii meza haujakaa sawa." Pengine alitia chumvi. Lakini meza kweli ilikuwa inayumba, na mwiko kweli tuliufuata.

Kwa hiyo kila msimu wa kuchapa ulipofika, mkuu wetu wa zamani alinitazama tu, nami nikaenda kwa Mama, nikarudi na neno moja: bado. Naye akaagiza toleo la zamani lichapwe tena. Alikuwa mtu wa huruma. Kisha akastaafu.

Mkuu mpya aliniita asubuhi ya Jumatatu. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alinivutia kiti mwenyewe.

"Dada," alisema, "shule zinasomea ramani iliyopitwa na wakati. Kuna maziwa yamekauka, mle bado ni ya buluu. Kiwanda cha kuchapa kimetupa nafasi, tukiikosa ndiyo basi tena. Siwezi kupeleka bara lenye tundu."

"Si tundu."

"Samahani. Picha za angani ninazo. Mama akikataa, kompyuta itapajaza yenyewe, wala hutaona palipounganishwa."

"Kompyuta ina mama?" nikamuuliza.

Nilijua nimemwonea, na sikujali.

"Mwiko wenu nauheshimu," alisema mwishowe. "Ndiyo maana nakuambia leo. Ijumaa Mama aje aseme, au nipeleke kwa mashine. Uamuzi ni wenu."

Nilitoka pale nikarudi kwenye meza yangu. Huwezi kunielewa bila kujua jambo jingine, ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwa sababu mimi si mtu wa mizimu. Nimesoma mgandamizo wa hewa. Nikisikia kishindo juu ya dari, nafikiria panya.

Lakini mchana, wenzangu walipotoka kwenda kula na mimi nikabaki, chumba kile kilikuwa kikinyamaza kwa namna fulani, na hatua zikaanza. Hatua za miguu mitupu juu ya saruji. Zilianzia mlangoni, zikazunguka meza ya kioo kwa upande wa bahari, pole pole, kama mtu anayesoma huku anatembea, zikasimama pale palipo peupe. Mara ya kwanza brashi ilinidondoka. Baadaye nilizoea. Sikuinua kichwa kamwe. Nilihisi nikiinua nitaharibu. Niliendelea kuosha brashi zangu huku nikimpa habari: goti la Mama limevimba tena, Mzee wa Herufi amekosea jina la mlima akasingizia miwani, mvua imekataa.

Kwa hiyo mjue nilichokuwa nakiogopa. Sikumwogopa yeye. Nilikuwa nikiogopa kwamba siku ile pale patakapopakwa rangi, hatakuwa na sababu ya kuja. Nikipaka, namuua. Niliwaza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, Jumatatu hadi Alhamisi, na kila siku nilirudi nyumbani bila kumwuliza Mama kitu.

Alhamisi jioni nilifika barazani nikakuta pale kando ya mlango patupu. Saruji ilikuwa na alama mbili hafifu za nyayo, mahali ambapo vumbi halikuwahi kukaa.

"Mama! Buti za Kaka ziko wapi?"

"Shikamoo kwanza," alijibu kutoka ndani.

"Shikamoo. Buti ziko wapi?"

"Marahaba. Nimempa mlinzi wa shule."

Nilimkuta sebuleni anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Hakugeuka.

"Umempa nani?"

"Yule mlinzi wa pale shuleni. Mvua yote ile iliyopita alikuwa anazunguka na kandambili zilizotoboka, mtu mzima. Nikampimisha. Miguu yao inalingana."

Sitayarudia niliyoyasema. Yalikuwa maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, na niliyasema kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Nilimwambia hana moyo. Nilimwambia amechoka kusubiri ndiyo maana anagawa vitu vya mtu aliye hai. Yeye alikunja shuka, pembe kwa pembe, akailaza juu ya nyingine.

"Umemaliza?"

"Akirudi atavaa nini?" nikasema.

Hapo ndipo alipogeuka. Alinitazama, si kwa hasira.

"Mwanangu," alisema. "Nani anarudi?"

Niliketi juu ya nguo zilizokunjwa. Hakunikemea.

"Ofisini wanataka uje kesho," nikamwambia. "Uje useme papakwe. Sikukueleza kwa sababu najua utakataa, kama miaka yote."

"Mimi nimekataa lini?"

"Kila mwaka, Mama. Kila nikikuuliza."

"Wewe? Wewe hujaniuliza hata siku moja." Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, akaukunjua mguu wenye goti bovu. "Unasimama hapo mlangoni na mkoba begani, unasema, 'Mama, wale watu wameanza tena mambo yao, nimewaambia bado, sawa, eh?' Na umeshageuka unakwenda zako. Mimi ningesema nini? Nikasema sawa. Nikajisemea moyoni, mwache, siku atakapoweza atauliza."

Nilitaka kubisha. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini niliisikia ile "eh?" masikioni mwangu kwa sauti yangu mwenyewe, nikaufunga.

"Mimi nilimlilia siku zilipoletwa zile buti," Mama aliendelea. "Mtoto wangu namjua. Hawezi kwenda mbali peku. Nyayo zake laini toka utotoni, alikuwa anachechemea hata kwenye changarawe za hapo uani. Niliziona tu nikajua. Wewe ulikuwa hutaki, nikanyamaza."

"Kwa nini basi uzitoe leo?"

Alipapasa goti lake.

"Kwa sababu nimechoka kumsikia."

"Kumsikia nani?"

"Usijifanye. Jua likifika kwenye lile dirisha, anatoka huko jikoni. Miguu mitupu. Anapita hapa ulipokaa, anafika barazani, anasimama kwenye buti zake. Hazivai. Nasubiri, hazivai. Halafu kimya, na kesho tena. Nikajiuliza, huyu mtoto nimemfungia viatu vyake mlangoni, havai wala haendi, mimi mama gani?" Alitazama upande wa barazani. "Nikaona afadhali zipate mtu wa kutembea nazo."

Sikumwambia kuhusu ofisini. Sikuwa na haja. Alinishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa, na nadhani alijua.

Basi nikamwuliza. Nilimwuliza nikiwa nimekaa, mkoba uko chini, bila eh wala sawa mwishoni.

"Mama, nipapake?"

"Niamshe mapema," alisema. "Na nipigie pasi ile kanga ya kutokea."

Ijumaa ofisi nzima ilikuwa imekaa kimya kama siku ya mtihani. Mkuu mpya alisimama kando ya dirisha, mikono nyuma. Mzee wa Herufi alikuwa amevaa koti, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mama hakuwahi kuingia katika chumba kile maisha yake yote. Alifika mlangoni akaitazama sakafu safi, na kabla sijamzuia akavua ndala zake, akaziacha nje.

Akaingia peku, nami nikazisikia zile hatua. Hazikufanana nazo tu, zilikuwa zile zile. Zilizunguka meza ya kioo kwa upande wa bahari, pole pole, zikasimama pale pale. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Mzee wa Herufi alinikodolea macho juu ya miwani yake.

Mama aliinama. Mwanga wa meza ulimpiga usoni kutoka chini.

"Padogo hivi," alisema.

Kisha akajinyoosha, akamtazama Mkuu, akanitazama mimi.

"Mimi ni mama yake. Pakeni."

Mkuu aliinamisha kichwa. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, nikafungua kijani, nikafungua manjano, mkono ukagoma.

"Unapaka rangi gani?" Mama aliniuliza.

"Sijui, Mama. Huku ni msitu, huku ni mbuga. Pale katikati hakuna anayejua."

"Yeye alisemaje?"

"Alisema zikutane zikiwa mbichi."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema ni uchafu."

"Haya," alisema Mama, akavuta kiti cha Mzee wa Herufi akakaa. "Tuone huo uchafu."

Nilichukua brashi mbili, jambo ambalo huwa silifanyi. Nilileta kijani kutoka upande wa msitu, nikaleta manjano kutoka upande wa nyasi, zote zimelowa, nikazifikisha karibu karibu, nikainua mikono. Zilikaa hivyo, kila moja kwake. Kisha kijani kikachomoa kijimguu chembamba, manjano ikakipokea. Zikaingiana. Hapakuwa na mstari. Palitokea rangi ambayo sina chupa yake, na nilitaka kumwambia alikuwa sahihi, mshenzi yule, alikuwa sahihi muda wote. Nadhani nilisema kwa sauti, maana Mama alinipigapiga mgongoni.

Mchana walipotoka kwenda kula, nilibaki. Niliosha brashi zangu. Niliziosha tena. Nilianza kutoa habari: Mama amefika salama nyumbani, Mkuu mwenyewe amempeleka kwa gari, Mzee amevua koti lake. Nikasikiliza. Bomba la maji liligonga ukutani, na lilikuwa bomba la maji tu. Nikalaza kichwa juu ya meza nikalia kwa sauti mpaka kamasi zikanitoka, mtu mzima mimi, na hakuna hatua iliyokuja.

Jioni tuliketi barazani, Mama na mimi, tukichambua mchele kwenye ungo mmoja. Jua lilikuwa bado halijazama. Mara, kutoka upande wa kona ya barabara, nikasikia: kimya, *kwi*. Kimya, *kwi*.

Nilishtukia nimesimama. Ungo uliyumba, mchele ukamwagika sakafuni. Mama hakusimama, lakini aliushika ungo kwa mikono miwili.

Mlinzi wa shule alitokea, redio kwapani, anakwenda zamu. Alipotuona akasimama kwenye lango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Zinakubana?"

"Hata kidogo! Kama nilishonewa." Aliinua mguu wa kushoto, akautazama kwa aibu kidogo. "Ila hii moja tu, ina kelele. Nimeipaka mafuta, wapi. Kesho nitampelekea fundi viatu aitazame."

"Usimpelekee," nikasema.

Alinitazama, akamtazama Mama.

"Iache hivyo hivyo, baba," Mama akamwambia. "Zamu njema."

Alicheka, akatupungia mkono, akashika njia ya kwenda shuleni. Tuliuacha mchele pale sakafuni, tukakaa, tukamsikiliza mpaka alipokata kona, na baada ya kona kidogo.